Ukitumbukia ndani ya gemu, utacheka na nani? KonoSuba, Overlord na Hamefura mezani pamoja

Mpwa wangu alikuja kwetu likizo ya Desemba na swali ambalo hakuliacha hata wakati wa kula. "Mjomba, zile katuni za Kijapani za mtu kuingia ndani ya gemu, nianze na ipi? Lakini iwe ya kuchekesha." Wiki hiyohiyo fundi mwenzangu, tunayegawana naye meza ya kutengenezea simu, akaniuliza swali hilohilo, ila yeye akaweka sharti: isiwe ya kitoto. Kwa uvivu nikawapa wote wawili jina moja, KonoSuba. Fundi alikesha nayo, akaja kazini macho mekundu, ameshika bisibisi anacheka peke yake. Mpwa alifika sehemu ya tatu, akainua kichwa pale sebuleni, mbele ya mke wangu na mama mkwe, akauliza kwa sauti ya mtoto anayetaka kuelimishwa: "Mjomba, mbona huyu kaka ameiba chupi?"

Nilijifanya sijasikia. Lakini usiku ule nilitambua kwamba nilikuwa nimemjibu kila mtu kana kwamba kicheko ni kimoja. Sasa nazipanga upya, safari hii kwa kuangalia anayetazama ni nani.

Wajapani aina hii ya hadithi huiita isekai, yaani "dunia nyingine". Neno limeenea kiasi kwamba mwaka 2024 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ililiingiza. Nyingi kati ya hadithi hizi hazikuanzia kwenye televisheni wala kwa wachapishaji. Zilianzia kwenye tovuti ya bure iliyofunguliwa mwaka 2004, Shōsetsuka ni Narō, jina ambalo maana yake ni kama kusema "tuwe waandishi wa riwaya". Mtu yeyote anaandika, sura baada ya sura, na wasomaji wanasoma kwenye simu. Ikipendwa, mchapishaji anakuja, inakuwa riwaya nyepesi yenye picha, kisha manga, yaani katuni za kitabuni, kisha anime, katuni za kutazama. KonoSuba na Hamefura zimepita njia hiyo. Overlord ilianzia tovuti nyingine, Arcadia, mwaka 2010.

Kabla ya kuzilinganisha, neno kwa wale waliokulia kwenye vibanda vya gemu kama mimi. Sisi gemu kwetu ilikuwa mpira, ngumi na magari ya kuibwa. Mjapani akisema gemu katika hadithi hizi, kichwani ana kitu kingine: Dragon Quest ya mwaka 1986 na uzao wake wote. Unaanza mnyonge kijijini, unapiga vidudu, unapata pointi, unapanda levo, unanunua upanga, mwisho unamkabili Mfalme wa Mashetani. Kuna ofisi ya chama ambako kazi zimebandikwa ukutani kama matangazo ya vibarua, na kuna kadi inayoonyesha nguvu yako, akili yako na bahati yako kwa tarakimu. Ukishayajua hayo, utani mwingi unafunguka. Usipoyajua utacheka nusu.

Kipimo changu ni kimoja. Angalia mhusika mkuu anajua nini, na hajui nini. Katika zile zisizo za mzaha, ujuzi wa gemu ndio mtaji. Sword Art Online, ambayo anime yake ilitoka 2012, inawafungia wachezaji 10,000 ndani ya gemu ambamo ukifa umekufa kweli, na anayeijua gemu ndiye shujaa. Za kuchekesha hugeuza shuka upande wa pili. Mtu anaingia na ujuzi wote wa gemu, halafu dunia inamuuliza maswali ambayo hakuna gemu iliyowahi kumfundisha. Utalala wapi leo? Hawa watu mia wanaokusubiri uwaamuru, utawaambia nini? Huyu anayekukazia macho hivyo, anakupenda au anataka kukuua?

KonoSuba: mjuzi asiye na nauli

Kazuma ni kijana aliyejifungia ndani kutwa kucha na gemu zake. Siku aliyotoka kwenda kununua gemu mpya anamwona msichana barabarani na kitu kikubwa kinamjia. Anamsukuma pembeni, anakufa yeye. Aliyezoea hadithi hizi anajua kitu hicho lazima kiwe lori, maana lori ndilo usafiri rasmi wa kwenda dunia nyingine. Hapa lilikuwa trekta. Trekta la shambani, linatambaa, na lingesimama lenyewe. Kazuma amekufa kwa mshtuko, akidhani amegongwa. Anayempa habari hiyo ni Aqua, mungu wa kike wa maji, naye anasimulia huku anacheka mpaka hana mbavu. Kazuma anaambiwa achague kitu kimoja cha kwenda nacho dunia mpya, silaha au kipaji chochote. Kwa hasira anamnyooshea kidole Aqua: nakuchukua wewe.

Kinachofuata ndicho kilichoninasa. Wanafika mji wa Axel, wanakwenda kujiandikisha chamani, wanaambiwa ada ni eris 1,000 kwa kila mmoja. Hawana kitu. Aqua anamwendea mzee mmoja mcha Mungu, anajitambulisha kwamba yeye ni mungu, atoe sadaka. Mzee anamjibu kwa upole kwamba yeye ni muumini wa Eris, kisha anamwonea huruma anampa hela. Sasa elewa: Eris ni mungu mdogo kwa Aqua kicheo, na sarafu ya nchi nzima imepewa jina lake. Yaani mkubwa anaomba omba kwa waumini wa mdogo wake, na anapewa hela zenye jina la mdogo wake. Kadi ya Kazuma inatoka, ya kawaida kila mahali isipokuwa akili kidogo na bahati nyingi, na dada wa mapokezi anamshauri kwa heshima afikirie biashara. Wiki za kwanza za hawa mashujaa wawili wanabeba zege kwenye ukuta wa mji, jioni wanakula mshahara wote, usiku wanalala kwenye zizi la farasi.

Sikuhitaji kuijua gemu yoyote kucheka hapo. Nilipokuja mjini mara ya kwanza tulilala watu sita chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na mpango mkubwa.

Utani wa KonoSuba ni wa hesabu zinazogoma. Kundi linakamilika kwa Megumin, mchawi ambaye ana uchawi mmoja tu, mlipuko, anaupiga mara moja kwa siku kisha anaanguka kama gunia na lazima abebwe mgongoni; na Darkness, askari wa upanga ambaye hampati adui hata akisimama mbele yake, na ambaye, tuseme tu, anafurahia kupigwa. Kabichi za nchi hiyo huruka. Zikiiva zinahama kwa makundi kama nzige, na mji mzima unatoka kuzikamata, moja eris 10,000. Jemadari wa Mfalme wa Mashetani, mpanda farasi aliyebeba kichwa chake mkononi, anakuja kulalamika kwamba kuna mtu analipua ngome yake kila siku. Kweli alikuwa ni Megumin, alikuwa anafanya mazoezi. Vita inapofika, Aqua anamdhoofisha kwa kuita mafuriko, kisha wanammaliza. Zawadi ni eris milioni 300. Mafuriko yamebomoa ukuta wa mji. Ankara ya matengenezo ni milioni 340.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Uso wa Kazuma akiisoma karatasi ile ni uso wa mtu aliyeshinda kesi akaletewa gharama za wakili.

Wajapani wana sanaa ya jukwaani inayoitwa manzai, wachekeshaji wawili wamesimama, mmoja anaropoka upuuzi na mwingine anamkata kauli papo hapo. Mropokaji ni boke, mkosoaji ni tsukkomi. KonoSuba ni manzai iliyovalishwa silaha. Aqua, Megumin na Darkness wote watatu ni boke, na Kazuma ndiye tsukkomi pekee, anakata kauli pande tatu mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo itazame kwa sauti ya Kijapani na maandishi ya chini, hata kama macho yatachoka. Kilio cha Aqua kinachotolewa na Sora Amamiya hakitafsiriki. Uchoraji wa misimu miwili ya mwanzo ni wa ovyo-ovyo wa makusudi, nyuso zinapinda, macho yanahama; wapo wanaokereka, mimi naona ndio nusu ya kicheko.

Aibu yake ni ileile aliyoiona mpwa wangu. Utani wa mwili na nguo za ndani upo, si kila dakika, lakini upo wa kutosha kukuweka pabaya sebuleni.

Overlord: bosi anayeogopa kikao

Ukimwambia mtu Overlord inachekesha, atakushangaa. Mabango yake yana mifupa, moto na makaburi. Fundi mwenzangu nilibishana naye wiki nzima kabla hajaikubali.

Mwaka ni 2138. Gemu inayoitwa Yggdrasil imefikia siku yake ya mwisho, mitambo itazimwa saa sita usiku. Mfanyakazi mmoja wa ofisini, mpweke, amebaki peke yake kwenye kasri ambalo yeye na wenzake, watu 41 kwa jumla, walilijenga miaka na miaka. Wenzake waliacha mmoja mmoja, maisha yakawabeba. Anakaa kwenye kiti cha enzi, anahesabu sekunde, anawaza kazi ya kesho asubuhi. Na kwa utani wa mwisho anafungua maelezo ya msimamizi mkuu wa kasri, Albedo, ambaye mwenzao mmoja aliandika kwamba ni malaya. Anafuta mstari huo anaandika kwamba anampenda yeye. Anaona haya, lakini anaacha. Si gemu inazimwa?

Haikuzimwa. Saa sita inapita, na wahusika ambao walikuwa picha tu wanaanza kupumua, kuongea na kupiga magoti. Albedo naye anampenda kwelikweli, kwa nguvu ya kutisha.

Huyu mtu anaijua Yggdrasil mpaka kwenye kucha. Ana uchawi mamia. Mwili wake sasa ni mifupa mitupu, hakuna wa kumgusa. Asichojua ni uongozi. Mbele yake wamekaa viumbe wenye akili kumzidi mara kumi, nao wanaamini kila neno lake lina tabaka saba za maana. Usiku mmoja anatoka kupumua, anaruka angani na mshauri wake Demiurge, anaona nyota zilivyo nzuri, anaropoka kama mtu yeyote anavyoropoka juu ya paa la nyumba: pengine ingependeza kuitawala dunia hii. Demiurge analipokea kama agizo. Analipeleka kwa wenzake. Misimu inapita, himaya inapanuka, na bosi anakuja kugundua baadaye kwamba ofisi nzima inatekeleza mkakati ambao yeye hakumbuki kuutoa. Akimuuliza Demiurge, Demiurge anatabasamu: bwana wangu anatupima. Basi anajibu kwa sauti nzito, "Naam, umeelewa. Waeleze wenzako." Hapo anaomba wengine waelezwe ili na yeye asikie.

Satoshi Hino, mwigizaji wa sauti yake, ana sauti mbili. Ya nje ni ya mfalme wa kuzimu. Ya ndani, inayotoka wakati anawaza, ni ya karani aliyeitwa ofisini kwa meneja. Hata usipojua neno moja la Kijapani utasikia zinapobadilishana, na hapo ndipo kicheko kilipo. Na hisia zake zikipanda sana, mwili wa mifupa unamzimia taharuki kwa mwanga wa kijani, yaani hata kuchanganyikiwa hapewi nafasi ya kumaliza.

Yeyote aliyewahi kupandishwa cheo kabla hajawa tayari ataicheka kwa maumivu. Lakini nikuonye wazi. Kicheko cha Overlord kimepandwa juu ya damu. Mwisho wa msimu wa tatu kuna vita ambamo askari maelfu kwa maelfu wanakanyagwa na viumbe wanaolia mee kama mbuzi, na hadithi haikupi shujaa wa kuwaokoa, kwa sababu uliyekuwa unamcheka kwa huruma ndiye anayewaua. Baadhi ya watu huzima pale. Nawaelewa. Mimi niliendelea, ila nilicheka kidogo zaidi baada ya hapo.

Hamefura: anayejua mwisho wa kila mtu

Jina kamili la Kijapani ni refu mno, wapenzi wanalifupisha Hamefura. Safari hii gemu si ya mapanga. Ni gemu ya mapenzi kwa wasichana: unachagua majibu, unamvuta mwana wa mfalme au mwingine, na kuna msichana mmoja mbaya wa kukuzuia. Katarina Claes ni mtoto wa miaka minane, binti wa mtawala, anajikwaa anajigonga kichwa, na papo hapo anakumbuka maisha yake ya awali: alikuwa msichana wa sekondari Japani, mpenda gemu, aliyekufa akiwahi shule kwa baiskeli. Anakumbuka pia kwamba dunia hii ni gemu aliyokuwa anaicheza, Fortune Lover, na yeye ndiye yule msichana mbaya. Kwa njia zote za gemu ile, mwisho wake ni kuuawa au kufukuzwa nchini.

Mwingine angelia. Katarina anaitisha kikao kichwani mwake, Katarina watano wanakaa mezani na nyundo, wanajadili. Azimio la kwanza: ajifunze upanga, asiuawe. Azimio la pili: ajifunze kulima, ili akifukuzwa asife njaa. Basi binti wa mtawala anavaa kilemba na suruali ya shamba anafukua matuta kwenye bustani ya mzee wake. Azimio la tatu ndilo ninalolipenda: mchumba wake, mwana wa mfalme Geordo, kumbe anaogopa nyoka; basi anaanza kutengeneza nyoka wa bandia, anaboresha mmoja baada ya mwingine, ili siku ya mauti amrushie usoni akimbie.

Hesabu zake zote ni sahihi na zote ni za bure, kwa sababu tangu siku ile ameshawabadilisha watu. Mdogo wake wa kulea ambaye kwenye gemu alikuwa mpweke akaharibika, hapa ana dada anayempandisha miti. Kuna msichana, Mary, mpenda maua, asiyejiamini. Katarina anamshika mikono anamwambia ana mikono ya kuotesha. Maneno mazuri, tatizo ni kwamba kwenye gemu maneno hayo yalikuwa ya mchumba wa Mary, na ndiyo yaliyomfanya ampende. Katarina amemwibia kijana wa watu mstari wake bila kujua, na Mary anampenda yeye. Jambo hili linajirudia kwa mmoja baada ya mwingine mpaka anakuwa amezungukwa na wavulana na wasichana wanaomgombea, naye amesimama katikati anatafuna kitafunwa, anawaza nyoka.

Ndiyo maana naiona ndiyo safi kuliko zote tatu kwa ufundi. Ana kitabu chote cha majibu mkononi, mtihani umebadilishwa, na hajagundua. Watazamaji wote tunajua, hata mtumishi wake wa nyumbani anajua. Udhaifu wake ni kwamba ukishakielewa kicheko hicho, ni hichohicho. Msimu wa kwanza unatosha kabisa. Wa pili niliutazama kwa sababu mpwa ndiye aliyeshika rimoti.

Zikikaa bega kwa bega

Kwa urefu, Hamefura ndiyo fupi: sehemu 12 za mwaka 2020 na 12 za 2021, pamoja na filamu ya 2023. KonoSuba ina sehemu 10 za 2016, 10 za 2017, filamu ya 2019 na sehemu 11 za 2024. Pembeni kuna hadithi ya Megumin peke yake, sehemu 12 za 2023, ambayo waweza kuiacha. Overlord ni mzigo: misimu minne ya sehemu 13, kuanzia 2015 mpaka 2022, halafu filamu ya 2024. Kila sehemu ni kama dakika 24, hivyo mwenye bando la kupima kwa kijiko afanye hesabu mapema. KonoSuba inakutoa kicheko ndani ya dakika tano za kwanza. Overlord inataka uivumilie sehemu mbili tatu kabla hujajua kwamba ni halali kucheka.

Kwa familia, Hamefura iweke hata bibi akiwepo; ubaya wake mkubwa ni mabusu ya kuviziana. KonoSuba ni ya vipokea sauti na mlango uliofungwa. Overlord si ya mtoto hata kidogo, na hapo sisemi habari ya nguo.

Kwa lugha, KonoSuba ndiyo inayopoteza zaidi ukiitazama kwa tafsiri, kwa sababu uhai wake ni kasi ya kukatana kauli. Overlord inapoteza kidogo sana. Kwa Hamefura, sikiliza namna wanavyoitana. Nani anaongeza sama, neno la heshima, mwisho wa jina na nani ameacha, hapo ndipo mapenzi yanapojificha, na maandishi ya chini mara nyingi hayaoneshi.

Kuna njia ya kuonja mbili kwa mpigo, Isekai Quartet ya 2019, vipande vya dakika kumi na kitu ambamo wahusika wa KonoSuba na Overlord, pamoja na wa hadithi nyingine mbili, wamepelekwa shule moja wamechorwa vichwa vikubwa. Lakini usianzie hapo, utacheka utani wa watu usiowajua.

Nyingine, kwa haraka

Ukitaka kuona kipimo changu kimepinduliwa kabisa, tazama Bofuri ya 2020. Msichana Maple hakuchukuliwa na lori wala trekta. Anavaa mashine kichwani, anacheza, jioni anavua anakula chakula cha mama yake. Na hajui gemu hata kidogo. Kwa kuwa hapendi kuumia, anaweka pointi zake zote kwenye ulinzi, jambo ambalo mchezaji yeyote mwenye akili angemkataza. Matokeo yake hakuna kinachomdhuru. Anamla joka la sumu kwa meno, kweli anamtafuna mpaka linakufa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba majoka hayaliwi. Kichekesho kizuri zaidi ni wenye gemu, wale mafundi nyuma ya pazia, wanavyoshika vichwa. Hakuna huzuni humo, wala hatari, na baada ya sehemu sita unaweza kusinzia kwa amani.

Log Horizon, iliyoanza 2013, si ya kuchekesha kwa ukoo, ila naipenda mno, siwezi kuacha kuitaja. Wachezaji 30,000 wa Japani wamejikuta ndani ya gemu, na chakula chote cha huko hakina ladha, maana kinatengenezwa kwa kubonyeza menyu. Mpaka mmoja anagundua kwamba mpishi akikipika kwa mikono yake, kwa moto na chumvi, ladha inarudi. Wanafungua duka la mikate ya nyama, na uchumi wa mji mzima unageuka kwa sababu ya foleni ile. Mwenye kupenda siasa na biashara aende huko.

Kuna ile ya mchezaji mwenye haya anayeitwa duniani humo kama Mfalme wa Mashetani, How Not to Summon a Demon Lord, ya 2018. Wazo lake ni tamu, kijana asiyeweza kuongea na mtu isipokuwa akiigiza ukatili. Lakini uchi na kola za utumwa vimelifunika wazo lenyewe. Kama ni kijana mwoga anayejificha nyuma ya sauti nzito unayemtaka, Overlord inakupa huyo bila hayo.

Nilichofanya mwishoni ni kubadilishana. Mpwa nilimpa Hamefura, akaimaliza siku nne, na siku ya kuondoka aliniuliza kama mtu akifukuzwa shule mchicha unaweza kumtosha kuishi. Nikamwambia amuulize mama yake. Fundi alimaliza KonoSuba akahamia Overlord, na hiyo nimeijutia kidogo. Sasa mteja akileta simu ya aina nisiyowahi kuifungua, nikakohoa na kusema kwa sauti nzito, "Iache hapa, rudi saa kumi," fundi mwenzangu anainama chini ya meza kana kwamba ameangusha skrubu, na mabega yake yanatikisika mpaka mteja avuke barabara.